Medali iliyorudi baada ya miaka 50

*Rusty Kanokogi alipokonywa medali ya judo mwaka 1959 kwa sababu ni mwanamke. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kuwasukuma wakubwa wa mchezo huo hadi wanawake wakaingia Olimpiki.*

Na Mwandishi Wetu

UTICA, jimbo la New York, mwaka 1959. Ni mashindano ya judo ya YMCA za jimbo hilo, na timu ya Brooklyn imepungukiwa mtu. Mmoja wao ameumia, hawezi kupanda mkekani. Anayeingia badala yake ana mabega mapana na nywele zilizokatwa fupi. Chini ya nguo yake ya judo amejifunga bendeji, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kifua kimekuwa bapa.

Maagizo aliyopewa ni mafupi: asitafute ushindi. Atoke sare, timu isonge mbele, macho ya watu yasimgande.

Maagizo hayo hayakufuatwa. Mpinzani alitupwa, pambano likaisha, na Brooklyn wakatwaa ubingwa. Medali zikagawiwa, na huyu wa bendeji akapata yake kama wenzake.

Muda si mrefu msimamizi wa mashindano akamwita pembeni na kumuuliza kama yeye ni mwanamke. Angeweza kukana, na pengine yangeishia pale. Akakubali. Akaambiwa arudishe medali, la sivyo timu nzima ingepoteza ushindi wake. Akairudisha.

Jina lake lilikuwa Rena Glickman, ingawa mtaani wote walimwita Rusty. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la ndoa, Rusty Kanokogi, na leo wanaofuatilia judo wanamtaja kama mama wa judo ya wanawake.

Adhabu kabla ya kanuni

Kisa cha Utica kina kichekesho chake. Masharti ya mashindano hayakusema popote kwamba ni ya wanaume peke yao. Walioyaandika hawakuwahi kufikiria kwamba mwanamke angejitokeza, sembuse ashinde. Ni baada ya siku ile ndipo jinsia ya mshiriki ilipoanza kutajwa kwenye fomu. Kwa maneno mengine, Rusty aliadhibiwa kwanza, kanuni ikafuata nyuma.

Yuko atakayesema kwamba alidanganya, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa: mtu asiyeficha kitu hajifungi bendeji. Lakini adhabu yake haikuwa ya udanganyifu. Hakuna aliyehoji kama mtupo wake ulikuwa halali, wala uzito wake, wala uanachama wake katika klabu. Kilichohojiwa ni jinsia tu, na jibu la kweli ndilo lililomponza.

Miaka mingi baadaye alieleza kwamba siku ile ilimwachia nia moja, kwamba asitokee tena mwanamke wa kupitishwa alipopitishwa yeye.

> Aliadhibiwa kwanza, kanuni ikafuata nyuma.

Mtoto wa Coney Island

Alizaliwa Brooklyn tarehe 30 Julai 1935, katika familia ya Kiyahudi yenye maisha ya kubangaiza. Alikulia Coney Island, ufukwe wa mabembea na vibanda vya michezo ambako wakazi wa New York hukimbilia joto linapozidi, na vibarua alivianza akiwa bado mtoto. Alipovunja ungo alikuwa tayari kiongozi wa genge la wasichana. Aliolewa mapema, ndoa ikavunjika, akabaki na mtoto wa kiume wa kulea.

Katikati ya miaka ya 1950, rafiki yake mmoja wa kiume alimwonyesha mbinu moja ya judo. Mwanamke aliyezoea kumaliza ugomvi kwa ngumi alijikuta ametupwa na mtu ambaye hata hakukasirika. Kwa maelezo yake mwenyewe, judo ndiyo iliyomtuliza.

Tatizo ni kwamba klabuni hapakuwa na wanawake, na judo haijifunzwi peke yako. Unamshika mwenzako ukosi na mkono wa nguo, unamvuta na kumyumbisha mpaka uzito wake uhamie mguu mmoja, ndipo unaingia chini yake na kumtupa. Zamu yake ikifika, wewe ndiye unayepaa na kupiga mkeka kwa kiganja ili kishindo kisiingie mgongoni. Mnafanya hivyo jioni nzima. Kwa hiyo mwanamke asiyepewa mtu wa kufanya naye mazoezi hajazuiwa mashindano pekee, amezuiwa mchezo wenyewe.

Rusty alikomaa na wanaume wa Brooklyn mpaka wakamzoea. Ndiyo maana siku ya Utica, alipoumia mwenzao, wao wenyewe walijua nani wa kumpanga.

Mkanda mweusi wenye mstari mweupe

Mwaka 1962 alifunga safari hadi Tokyo, kwenye Kodokan, makao makuu ya judo yaliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Wengi hudhani Wajapani waliwafungia wanawake nje. Si kweli. Kano alianza kufundisha wanawake tangu miaka ya 1890, na mwaka 1926 Kodokan ikawa na idara yao rasmi. Mwanzilishi huyo aliheshimu judo ya wanawake kuliko wengi wa wanafunzi wake.

Ila ilikuwa na mipaka. Wanawake walifundishwa zaidi kata, ile mifululizo ya mbinu inayofanywa kwa mpangilio maalumu kati ya watu wawili, pamoja na mazoezi ya kushikana yasiyo na vurugu. Mashindano yalikuwa mwiko. Hata mkanda mweusi wa mwanamke ulipitishwa mstari mweupe katikati, urefu wote, ili anayetazama kwa mbali asikosee.

Anayeonyesha vizuri mipaka hiyo ni Keiko Fukuda, mjukuu wa mmoja wa walimu waliomfundisha Kano mwenyewe. Alipata dani ya tano, yaani ngazi ya tano ya mkanda mweusi, mwaka 1953, akakwama hapo, kwa kuwa juu ya ngazi hiyo hakukuwa na nafasi ya mwanamke. Ni mwaka 1972 ndipo alipopewa dani ya sita. Akifundisha San Francisco, aliendelea kupanda taratibu, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha Marekani kikamtunuku dani ya kumi, ambayo ndiyo kilele. Alifariki 2013.

Fukuda na Rusty ni njia mbili tofauti za kupigania kitu kilekile. Mmoja alisubiri ndani ya nyumba mpaka wazee wakaona haya. Mwingine aligonga mlango kwa kiwiko. Wapo walimu mpaka leo wanaoona njia ya Fukuda ndiyo yenye adabu ya judo. Mwandishi wa makala haya anaiheshimu, lakini anaona ugumu mmoja: mwanamichezo hana miaka 98 ya kusubiri. Mwili wa ushindani humtumikia kwa miaka kumi, kumi na mitano akibahatika.

Rusty alianzia idara ya wanawake, kama ilivyokuwa desturi. Hakukaa sana. Aliruhusiwa kuhamia ukumbi mkuu kufanya mazoezi na wanaume, mwanamke wa kwanza kupewa ruhusa hiyo, na akaondoka Japani na dani ya pili. Huko pia alikutana na Ryohei Kanokogi, bingwa wa sanaa za mapigano. Walifunga ndoa New York mwaka 1964.

Mwaka huohuo judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Tokyo. Wanaume tu.

Hoja za waliokataa

Waliopinga judo ya wanawake hawakuwa wote watu wabaya, na hoja zao zilijirudia katika kila mchezo. Ya kwanza ilikuwa ya kitabibu: mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili kutupwa, kizazi kitadhurika.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hoja hii kwa jina jingine. Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Amsterdam, ikadaiwa kwamba walianguka hovyo kwa uchovu, na mbio hizo zikafutwa kwao mpaka 1960. Mbio hizohizo ndizo zilizompa Pamela Jelimo dhahabu mjini Beijing mwaka 2008, ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya katika Olimpiki. Marathoni ya wanawake nayo ilisubiri hadi Los Angeles 1984. Madaktari wa wakati ule walikuwa na vyeti na uhakika mwingi, na hawakuwa na ushahidi.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuipangua, kwa sababu ilikuwa ya kanuni. Ili mchezo wa wanawake uingie Olimpiki, ulitakiwa uwe unachezwa katika nchi na mabara ya kutosha, na uwe na mashindano yake ya dunia. Judo ya wanawake haikuwa nayo. Ukiuliza kwa nini hakuna mashindano, unajibiwa hakuna wachezaji wa kutosha. Ukiuliza kwa nini wachezaji ni wachache, unajibiwa hakuna mashindano ya kuwavutia.

Mambo yalianza kusogea pembeni. Ulaya iliandaa mashindano rasmi ya bara kwa wanawake mwaka 1975, mjini Munich. Japani yenyewe ilifanya mashindano ya kitaifa ya wanawake mwaka 1978, miaka 96 baada ya Kodokan kuanzishwa. Kilichobaki ni mtu wa kubeba mzigo wa kuandaa mashindano ya dunia.

Nyumba yawekwa rehani

Rusty aliubeba. Alitafuta ukumbi, wadhamini na vibali, na fedha zilipopelea aliweka rehani nyumba yake. Huo si uamuzi wa kishujaa tu, ni uamuzi wa hatari: mama wa watoto watatu anaweka paa la watoto wake dhamana kwa ajili ya mchezo ambao wakubwa wake hawakuwa na haraka nao.

Tarehe 29 na 30 Novemba 1980, ndani ya Madison Square Garden, New York, yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya judo kwa wanawake. Walifika wachezaji 149 kutoka nchi 27. Dhahabu ya uzito mwepesi kuliko zote, kilo 48, ilichukuliwa na Mwingereza Jane Bridge. Austria iliondoka na dhahabu tatu. Ingrid Berghmans wa Ubelgiji alitwaa ile ya uzito wa wazi, usio na kikomo cha kilo, na kwa miaka iliyofuata akawa tishio kwa kila mtu.

Katika kilo 52, fedha ilikwenda kwa msichana wa Kijapani wa miaka 15, Kaori Yamaguchi. Jina hilo tutalirudia.

> Alipofungua mlango, umri wake wa kupita ulikuwa umeshapita.

Rusty mwenyewe hakupanda mkekani. Alikuwa na miaka 45. Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki, na sifa nyingi anazomwagiwa huparuka. Miaka ambayo angekuwa bora, tangu Utica hadi mwisho wa miaka ya 1960, ilipita bila shindano kubwa hata moja la kumpima. Tunamwita bingwa, na alikuwa bingwa, lakini hakuna ajuaye angefika wapi.

Seoul, kisha Barcelona

Wengi walitarajia Los Angeles 1984 ingefungua mlango, maana Marekani ndiyo mwenyeji. Haikufungua. Rusty akabadilisha silaha: akatishia kwenda mahakamani, akisaidiwa na watetezi wa haki za kiraia. Barua, mikutano, simu za usiku. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na sauti yake ya Brooklyn ilisikika kabla mlango haujafunguliwa. Kwa viongozi waliozoea kuinamiana, alikuwa kero.

Hilo nalo lina pande mbili. Upande mmoja unasema ukali wake uliwachosha hata waliokuwa tayari kumsaidia. Upande wa pili unauliza ni upole wa nani uliowahi kuingiza mchezo wa wanawake Olimpiki. Ukitazama miaka iliyopita kati ya 1964 na siku jibu lilipotoka, upande wa pili una hoja nzito zaidi.

Mwaka 1988, mjini Seoul, judo ya wanawake ilichezwa kama mchezo wa maonyesho. Kocha wa timu ya wanawake ya Marekani alikuwa Rusty, na mwanafunzi wake Margaret Castro akapata shaba. Miaka minne baadaye, Barcelona, medali zikawa kamili: uzito saba kwa wanawake, saba kwa wanaume. Katika kilo 48 Mfaransa Cécile Nowak alimshinda fainali binti wa Kijapani wa miaka 16, Ryoko Tamura, ambaye baadaye alitwaa dhahabu mbili za Olimpiki. Wenyeji Hispania walipata dhahabu mbili za wanawake kupitia Miriam Blasco na Almudena Muñoz.

Afrika ilisubiri zaidi. Ni Beijing 2008 ndipo Soraya Haddad wa Algeria alipopata shaba katika kilo 52, na kuwa mwanamke wa kwanza wa bara hili kupanda jukwaa la judo la Olimpiki.

Deni lalipwa

Mwaka 2008 serikali ya Japani ilimtunuku Rusty Nishani ya Jua Linalochomoza, moja ya heshima zake kubwa. Alikuwa na dani ya saba. Alikuwa pia mgonjwa wa saratani ya uboho.

Agosti 2009, YMCA ya jimbo la New York ilimwita Brooklyn na kumvisha medali ya dhahabu badala ya ile ya 1959. Ilikuwa imechukua miaka 50. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 74.

Wengi waliandika kwamba haki ilitendeka. Kwa maoni yangu, nusu ya haki. Taasisi ikisubiri mpaka aliyekosewa abakize miezi mitatu ndipo imrudishie chake, inastahili shukrani kidogo na maswali mengi.

Mlango umefunguliwa, ndani kukoje?

Kuingia Olimpiki hakukumaliza kazi. Mwishoni mwa mwaka 2012 wachezaji 15 wa kike wa ngazi ya juu nchini Japani waliandika barua ya malalamiko: walikuwa wakipigwa makofi na kuchapwa kwa fimbo za mianzi mazoezini. Barua ilipojulikana hadharani mwanzoni mwa 2013, kocha mkuu wa timu ya wanawake, Ryuji Sonoda, alijiuzulu. Aliyesimama nyuma ya wachezaji hao ni Kaori Yamaguchi, yule wa fedha ya 1980, ambaye mwaka 1984 alikuwa Mjapani wa kwanza wa kike kuwa bingwa wa dunia.

Karibu zaidi na sisi kuna Yolande Mabika, aliyetokea upande wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vita ilimtenganisha na wazazi akiwa mtoto, akapelekwa Kinshasa, na huko katika kituo cha watoto waliopoteza familia akafundishwa judo. Yeye na mwenzake Popole Misenga walisimulia kwamba waliposhindwa mapambano walikuwa wakifungiwa na kunyimwa chakula. Walipokwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia ya 2013, waliachwa hotelini bila hati wala chakula. Walitoroka, wakaomba hifadhi Brazil, na mwaka 2016 wote wawili wakashiriki Olimpiki ya mji huohuo katika timu ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano moja. Mabika alitolewa raundi ya kwanza, katika kilo 70.

Wachezaji hawa hawakukosa mkeka kama Rusty. Walikuwa nao, na waliowamiliki ndio waliowaumiza.

Kwa upande wa mashindano, hesabu sasa ni sawa. Tangu Tokyo, michezo iliyofanyika 2021, kuna pia pambano la timu mchanganyiko, wanawake watatu na wanaume watatu, na timu isiyo na wanawake imara haiendi popote. Ufaransa imeifunga Japani fainali zote mbili, Tokyo na Paris 2024.

Nyumbani, judo ilipata makazi Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na Paris 2024 Tanzania iliwakilishwa na Andrew Thomas Mlugu katika kilo 73. Ni hatua. Lakini nafasi ya dada zake ni ileile iliyopiganiwa New York, na haitajazwa kwa hotuba za Siku ya Wanawake.

Viongozi wa vyama vya judo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji mfadhili. Watangaze hadharani ni wanawake wangapi wamewapeleka kozi za ukocha na uamuzi mwaka huu. Na waeleze, kwa maandishi yaliyobandikwa ukutani kila klabu, msichana aliyepigwa au kunyanyaswa na kocha wake apeleke malalamiko kwa nani, mtu ambaye si kocha huyo wala rafiki yake.